Kuku Hayumo kwenye Grupu

Nilitolewa kwenye grupu la maji siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nimeinama shambani, udongo umejaa kwenye kucha. Simu ilitetemeka kiunoni ndani ya kanga. Nikaitoa, nikaipangusa, ikaniambia kwa maneno machache kwamba admini ameniondoa. Basi, hakuna zaidi. Hata mbuzi akifukuzwa kwenye mahindi ya mtu huambiwa "shii" kwanza.

Waliosikia habari hii kwa wengine wameambiwa kwamba nilimwita kijana wa watu kuku. Sikumwita. Kuku niliyemtaja alikuwa kuku, na nilimtaja kwa heshima. Nilinyamaza muda mrefu kwa ajili ya mtu mmoja, lakini mtu huyo mwenyewe ameshaisimulia mbele za watu kwenye kipaimara cha mtoto wake, akacheka mpaka akakaa chini, kwa hiyo sioni tena ninachomfichia. Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu wa darasa la nne. Atakayeona herufi zimelala, aziache zilale.

Huku kwetu Mamba, milimani Upare, tangawizi haiishi kwa mvua peke yake. Tuna ndiva, bwawa la mawe na udongo walilochimba wazee wetu pale juu. Kijito kinaingia humo usiku kucha, kinajaza, na asubuhi mtu anang'oa kizibo, maji yanashuka kwa mfereji mpaka mashambani. Likiisha limeisha, unangoja lijae tena. Kila upande una siku yake. Sisi wenye mashamba ya juu, wengi wetu wajane na mifupa mizee, siku yetu ilikuwa Alhamisi asubuhi, tangu mama yangu akiwa na meno yake yote.

Shamba langu ni dogo. Ukisimama mwanzo ukapiga chafya, aliye mwisho anakuambia pole. Lakini ndilo linalonifanya nisimwombe mtu chumvi. Ndilo lililompeleka mjukuu wangu wa kwanza shule, darasa kwa darasa, kidato kwa kidato, mpaka leo ni muuguzi huko Dodoma, anachoma sindano watu wazima wenye vyeo wakilia. Nikianza kumsifu sitamaliza, naye anajua. Yeye ndiye aliyeninunulia simu hii na kuniingiza kwenye grupu la wasap la watumia maji.

"Bibi, ratiba ya maji siku hizi inatoka humu," aliniambia. "Usipokuwemo, utakuwa unaota tu."

Hapo alisema kweli, kwa sababu mwenyekiti wetu alikuwa ameshachoka kupanda mlima kuja kwenye mikutano. Mkutano ukabaki mmoja kwa msimu. Mengine yote yakahamia kwenye simu.

Nilipoingia humo mara ya kwanza nilidhani nimekosea mlango nikaingia kilabu cha pombe. Mtu anaamka, hajanawa uso, hajasalimia, anaandika: "Acheni ujinga." Ujinga upi, wa nani, hasemi. Mwingine anamjibu kwa herufi kubwa tupu, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Wa tatu anatuma voisi ya dakika sita, dakika tatu za mwanzo ni upepo na jogoo. Katikati ya matusi anatokea mama mmoja anatuma sala ya asubuhi yenye maua, watu wote wanaandika amina, kisha wanaendelea kutukanana kutoka pale walipoishia. Na wale waliotukanana asubuhi, saa kumi unawakuta wamekaa ubao mmoja wanakula makande, hakuna anayemwangalia mwenzake.

Nikajiuliza, hawa ni watu walewale ninaowafahamu? Kwenye mkutano wa ndiva hakuna aliyewahi kusema hivyo. Pale mtu akitaka kupinga, husimama. Husalimia. Husema, "Nimemsikia ndugu yangu akisema hivi na hivi." Halafu hukohoa. Kile kikohozi ndicho chenye habari. Kikiwa kifupi, ana swali. Kikiwa kirefu, hakubaliani kabisa, na mwenye hoja huanza kuipunguza mwenyewe kabla hajajibiwa. Nimeona mzee akirudisha hoja yake mfukoni kwa sababu ya vikohozi viwili tu, na hakuna aliyemvunjia heshima. Kwenye simu hakuna anayekohoa. Wanakuletea katuni ya uso unaocheka mpaka unatoa machozi, wewe ukiwa umesema jambo la maana.

Nilivumilia. Nilisoma ratiba, nikanyamaza, nikaweka simu kwenye kanga.

Sasa nije kwa mkwe wangu, maana bila yeye huyu kuku haeleweki.

Mume wa binti yangu mkubwa ni mtu wa Kihurio, bondeni huko, kwenye mpunga. Alikuja huku kufundisha shule ya msingi, akamwona binti yangu, akanunua kipande cha shamba, akabaki. Ni mtu mzuri. Anaandika vizuri kuliko mwenyekiti, ndiyo maana wakampa ukatibu. Lakini ni mkwe. Na mimi nilivyolelewa, mama mkwe hamkosoi mkwe wake uso kwa uso. Hamwambii "umekosea", hambishii mbele ya watu, hata kwenye meza moja hukaa pembeni kidogo. Huo uso ndio umeshika ndoa ya mtoto wako. Ukiuchana, nani atakushonea?

Je, akikosea kweli? Mkwe ni mtu, hukosea. Basi unasema na kuku.

Nilimwona mama yangu akifanya hivyo kwa marehemu mume wangu. Alikuwa anaezeka jiko letu, nyasi amezilaza vibaya. Mama alitoka nje, akamwona kuku anaparua chini ya ngazi, akasema kwa sauti ya kawaida, "Wewe kuku, ukilaza nyasi kichwa chini hivyo, mvua ya kwanza itakukuta kitandani." Akaingia ndani. Mume wangu hakugeuza hata shingo. Alikaa juu ya paa muda wa kumaliza kutafuna muwa, kisha akazing'oa zile nyasi akaanza upya. Jioni walikula, wakasifia mboga. Aibu yote aliichukua kuku, na kuku hana habari nayo.

Mimi nimefanya hivyohivyo kwa mkwe wangu. Alipokuwa anajenga, akaweka mlango wa jiko kuelekea upande wa upepo, nilimwambia kuku kwamba moshi wote utarudi ndani. Kesho yake mlango ulikuwa umehama. Hajawahi kuniuliza, sijawahi kumweleza. Tumeishi hivyo miaka yote bila neno baya, na wanawake wengi wa huku waliosema na wakwe zao ana kwa ana hawawezi kuyasema haya.

Basi Jumanne ile, asubuhi na mapema, katibu akaweka ratiba mpya kwenye grupu. Nikaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mashamba ya chini yameongezewa Alhamisi asubuhi. Mashamba ya juu, Alhamisi mchana.

Nilikaa kwenye kinu. Mtu wa Kihurio. Kwao maji yanatembea kwenye mfereji mchana na usiku kutoka mtoni, ukichelewa unayakuta. Hajui kwamba ndiva likifunguliwa asubuhi kwa watu wa chini, ambao ni wengi, hadi mchana limebaki tope na vyura. Hajakusudia ubaya. Hakulelewa na ndiva. Lakini lilikuwa jua la wiki ya tatu, tangawizi yangu ndiyo inanenepa chini, na Alhamisi bila maji ni shamba lote kusinyaa.

Kumpigia simu mkwe nimwambie umekosea, siwezi. Kuandika "katibu umekosea" mbele ya watu mia na kitu, ndiyo siwezi zaidi. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikaandika:

"Hamjambo wote. Wewe kuku, ndiva hujaa usiku. Ukilimwaga lote asubuhi kwa wa chini, wa juu mchana utawanywesha vyura?"

Mimi huandika kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kimepinda kwa jembe. Maneno hayo yalinichukua muda wa sufuria ya maharage kukauka mara moja na kuongezwa maji. Nikabonyeza, nikaenda shambani. Nilichokuwa sikijui ni kwamba wakati mimi natafuta herufi ya "v", kijana mmoja wa mashamba ya chini alikuwa ameandika chini ya ratiba: "Ratiba safi sana. Wa juu wasituletee maneno." Ujumbe wangu ukatua chini ya wake, umemgusa miguu. Mbele ya grupu zima nilionekana namjibu yeye.

Kijana huyo namfahamu tangu anatambaa. Ana bodaboda, analima chini, na kwa sababu anajua simu walimpa uadmini wa pili. Alijibu palepale: "Bibi, mimi ndio kuku?"

Na mimi sikuiona, niko shambani. Wengine waliiona. Mmoja akatuma stika ya kuku amevaa miwani. Mwingine akatuma voisi ya sekunde nne, anawika tu. Mnunuzi mmoja wa tangawizi, mtu wa mkoa mwingine aliyeingizwa humo sijui na nani, akaandika kwamba ndiyo maana wanasema Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kwenye kesi ya kuku. Watu wakacheka kwa zile nyuso za machozi, safu nzima. Mwenyekiti akaandika "Naomba heshima", asiseme anamwomba nani.

Niliposikia simu inatetemeka bila kukoma, nikaitoa. Nikasoma yote nimesimama. Chini kabisa kijana ameandika: "Ukubwa sio kutukana watu. Kama mimi kuku basi wewe..." Akaweka nukta tatu. Hizo nukta ndizo zilizonichoma. Mtu akikutukana kwa mdomo unajua tusi lake. Akikuwekea nukta tatu, anakuachia wewe mwenyewe utafute tusi linalokufaa, na unalipata.

Kidole changu kilikuwa juu ya herufi. Ningeandika nini? Ningesema "si wewe", swali lingefuata: ni nani basi? Na jibu lilikuwa limeandikwa juu pale, jina lake na ratiba yake. Ningekuwa nimemvua nguo mkwe wangu mbele ya wanywaji wote wa ndiva na yule mnunuzi juu yake. Kuku wa mama yangu alikuwa anaparua nje, akisikia wanasikia watu wawili. Huyu wangu nilimwachia mbele ya watu mia na kitu, na kila mmoja akamshika mguu wake.

Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kukasomwa kuwa kiburi. Nikairudisha simu kiunoni, nikainama tena; kidogo ikatetemeka, ndiyo ile taarifa kwamba nimeondolewa.

Alhamisi nilikwenda asubuhi kama siku zote, jembe begani, nikisema labda wamefikiri tena. Nikakuta kizibo kimeshang'olewa, watu wa chini wamejipanga kwenye mfereji. Mama mmoja wa huko akaniuliza, "Shikamoo. Kwani hukuona kwenye grupu?"

"Marahaba. Grupu lipi?"

Akakumbuka, akaangalia miguu yake. Mchana nilirudi. Nilikuta tope. Nikachota ndoo nne kutoka kisimani, nikamwagia mistari miwili ya mwanzo, na ule wa tatu nikauangalia tu. Majani ya tangawizi yakikosa maji hujisokota kama karatasi ya tumbaku. Nilihesabu siku kwa vidole: Alhamisi nyingine ni wiki nzima. Ikipita nayo, nitachimba kamba badala ya tangawizi.

Jumamosi nikashuka kwa binti yangu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinuka.

"Mama, umetukana mtu kwenye grupu la mume wangu?"

"Sikutukana mtu. Nilisema na kuku."

Akaacha ungo. Akaniangalia kama ninavyoangalia mimi duka lililofungwa siku ya gulio. "Kuku gani, mama? Kwenye simu?"

"Kwani wewe hujui kusema na kuku? Nilikulea wapi?"

"Najua. Kila mtu wa umri wangu anajua. Yule kijana wa pikipiki ana mkwe? Hajaoa hata. Kwake ukisema kuku, umesema mjinga. Na huyo mnunuzi ndiye atajua?"

"Basi wangeuliza."

"Alikuuliza. Alisema, bibi, mimi ndio kuku? Hukujibu."

Hapo alinishika. Lakini sikumpa furaha hiyo. Nikamwambia mchele wake una mawe kwa sababu anachambua akiongea.

"Andika pole, mama, yaishe. Nitamwambia akurudishe."

"Niombe radhi kwa tusi ambalo sikulitukana?"

"Tangawizi yako inakunywa kiburi?"

Nikavaa kanga yangu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa namjibu majibu mazuri sana, na hakuna aliyeyasikia ila mawe.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa uani napukuchua maharage. Nikasikia hatua zinakuja kwenye migomba, zikasimama upande wa pili wa uzio. Nikaijua ile namna ya kusafisha koo. Mkwe wangu. Hakupiga hodi. Kuku wangu mwekundu alikuwa anaokota maganda katikati ya uzio na mimi.

"Wewe kuku," alisema mkwe wangu, sauti ya darasani lakini ya chini, "nilikusikia siku ileile ya Jumanne. Nilijua ni mimi. Nilishindwa nikuteteeje bila kukuchinja."

Mikono yangu ilisimama kwenye maharage. Miaka yote kuku alikuwa mdomo wangu. Sikujua kwamba anaweza kuwa na wake.

Nikasema na kuku. "Wewe kuku, usijisumbue na kutetea watu. Ndiva linaisha asubuhi."

"Kuku, nimekwenda mwenyewe Alhamisi mchana, nimeona tope. Nilikosea. Lakini watu wa chini nao miche yao inakufa, na wao hawana bibi wa kuwasemea kwa kuku. Niwape siku gani?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza, niseme ukweli. Nilikuwa naangalia mistari yangu mitatu tu. Nikafikiri. Nikataka kujibu, kuku naye akawa ameona panzi, akakimbia nyuma ya jiko. Tukabaki mimi, mkwe, na uzio. Nikavuta ndoo ikakaa pale alipokuwa kuku.

"Wewe ndoo," nikasema, "Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, ndiva limejaa na hakuna anayelifungua. Maji yanafurika kando bure tangu nizaliwe."

Kule upande wa pili nikasikia kalamu inaandika. Kisha akasema, "Ndoo, hilo ni jema. Alhamisi asubuhi itarudi juu." Nikasikia anafunga daftari. "Lakini ndoo, lipo jambo lingine. Kuna kijana ameitwa kuku mbele ya watu, na kila anapopita na pikipiki watoto wanamwikia. Amepoteza na abiria wawili, wanamcheka. Hakukosa kitu. Mimi siwezi kumrudisha bibi kwenye grupu kabla kijana hajapata neno lake. Hata angekuwa mama yangu."

Nilitaka kuipiga teke ile ndoo. Mkwe wangu alikuwa ananikatalia, mimi, uani kwangu, na alikuwa ananikatalia kwa adabu kamili, kwa njia niliyomfundisha mwenyewe bila kumfundisha, kwa hiyo sikuwa na pa kukasirikia. Tena nilikumbuka majani yanavyojisokota. Na nilikumbuka, hili nalo niliseme, yule mtoto alivyokuwa anatambaa uani hapahapa mama yake akinisaidia kuvuna.

"Wewe ndoo," nikasema, "nimesikia."

Hatua zikaondoka kwenye migomba. Hakuingia kunywa hata chai.

Jumatatu nilirudishwa; ile "nimesikia" yangu alikuwa ameipokea kuwa ahadi. Simu ikatetemeka, watu wakaandika karibu bibi, mmoja akaweka kuku tena. Nikakaa kwenye kinu na kuandika tangu ng'ombe wa jirani walipotoka mpaka walipopita mtoni. Safari hii kabla ya kubonyeza niliangalia juu kuona nani yuko juu yangu. Nikangoja mpaka sala ya maua ipite na amina zake ziishe. Nikaandika hivi:

"Hamjambo wote. Kijana wangu wa pikipiki, nakutaja wewe na si mwingine. Nimesikia kwamba neno langu la Jumanne lilikuumiza. Halikuwa lako. Lilikuwa la kuku, na la nani zaidi usiniulize. Lakini lilikuangukia wewe, na mwenye jiwe ndiye anayesema pole, hata kama alilenga embe. Pole. Watoto wanaokuwikia, nikimshika mmoja nitamchapa fimbo ya miguu. Na hili ni kwenu nyote: mtu akikataa jambo, asalimie kwanza, aseme amemsikia nani, aseme anachokataa. Na nukta tatu aziache kwao."

Mjukuu wangu nilipomsomea kwa simu alisema, "Bibi, umeomba radhi na kugombana humohumo." Nikamwambia ndivyo inavyokuwa ikiwa ya kweli.

Nikangoja jibu la kijana. Asubuhi nzima. Jibu likaja saa saba. Dole gumba. Dole gumba moja la njano, limesimama peke yake kama mtu anaomba lifti. Ng'ombe wametoka na kurudi, kinu kimeniumiza makalio, naye ananipa dole. Sikujua ni nimekubali, ni nimesoma, au ni nyamaza. Nikamuuliza binti yangu, akasema, "Mama, ni ndiyo." Kwa nini basi asiandike ndiyo? Ina herufi tano tu. Mimi nimeandika mlima.

Na ubaya haukuishia hapo. Wiki hiyohiyo watu wakaanza kuiga. Mtu akitaka kumshambulia mwenzake anaandika "Wewe kuku, sikia" halafu anamwaga tusi lote kama lilivyokuwa. Wanadhani ukitanguliza kuku, ruhusa imetoka. Wamemchukua kuku wa mama yangu, aliyebeba aibu za watu miaka na miaka bila kumwaga hata tone, wamemfanya rungu. Nimewaandikia mara mbili kwamba kuku hutumika kumfichia mtu, hatumiki kumpigia. Wamenipa madole.

Alhamisi asubuhi nilipanda kwenye ndiva na jembe langu, umande bado. Ndiva limejaa mpaka midomo, jeusi, limetulia. Zamu ya kung'oa kizibo ilikuwa ya kijana yuleyule. Pikipiki ameiegesha kwenye njia, yeye amesimama kwenye ukingo, suruali ameikunja. Tulikuwa wawili tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Akashika gogo la kizibo, hakulivuta. Akasema akiangalia maji, "Ungesema tu siku ileile. Kwamba si mimi."

"Halafu wewe ungeuliza nini?"

Akafikiri. "Ningeuliza ni nani."

"Ungeuliza kwenye grupu."

"Ningeuliza kwenye grupu."

Nikaegemea jembe, ajisikilize. Upande wa chini, kwenye kona ya njia, mkwe wangu alikuwa anapita na daftari kwapani kwenda shuleni, hajui kama tunamwona. Kijana akamfuata kwa macho. Akanitazama mimi, akatazama njia, na nikaona jambo zima linamwingia taratibu kama maji kwenye mche. Nilijiandaa kuona mkono wake ukienda mfukoni kwenye simu.

Hakuitoa. Alikohoa. Kikohozi kifupi, kibaya, cha mtu ambaye hajakizoea.

"Mistari yako ni ile ya kwanza baada ya mgomba uliovunjika?" aliniuliza.

"Ndiyo hiyo. Mitatu."

"Shuka basi ufungue. Nikivuta sasa hivi yatakukuta njiani."

Nikashuka, nusu nakimbia, na magoti yananilaani. Nilifika kwenye mgomba uliovunjika nikiwa sina pumzi, nikapiga jembe mara mbili kufungua mlango wa mfereji, na maji yakaja na majani makavu mbele yake, yakageuka, yakaingia mstari wa kwanza. Kiunoni simu ikaanza kutetemeka, ikatetemeka tena, kuna waliokuwa wameamka. Niliiacha. Mstari wa tatu ulikuwa bado mkavu, na mikono yote miwili ilikuwa kwenye jembe.